Safu ya Mazungumzo ya Pembeni

Karatasi ya chuo kikuu ilisema kwamba Santa, mke wa Mogga, katibu wa akina mama katika Baraza la Kata ya Lurujo, hakutamka neno lolote la maana kwa muda wa miezi saba. Hoja: sufuri. Maswali: sufuri. Marekebisho ya hoja za wengine: sufuri. Safu moja tu ndiyo iliyompa kitu, nayo ilikuwa ya mwisho, yenye kichwa cha "mazungumzo ya pembeni". Hapo aliandikiwa arobaini na mbili, wala hakuwapo diwani mwingine aliyemkaribia.

Aliyeisoma karatasi hiyo ni Nasuru, shemeji yake. Aliisoma alasiri, katikati ya ua wa baba yake na Mogga, Mzee Lukudu, huku amekalia kinu kilichopinduliwa, jambo ambalo marehemu mama yake asingelivumilia. Wanawake wa ukoo walikuwa wakipura ufuta. Nasuru alikisoma Kiingereza kwa kujikwaa, kile alichokiokota jeshini pamoja na dini yake mpya, kisha akakigeuza Kiswahili ili asikose kusikia hata mmoja.

"Sikieni vizuri. Hii iko mambo ya Kampala, si mchezo. Nasuru: hoja kumi na moja! Mimi huyu. 'Diwani mwenye bidii kuliko wote katika Koboko.' Na shemeji yangu..." Akakishusha kidole chake polepole mpaka chini ya ukurasa. "Mama Jada, wewe iko hapa. Arobaini na mbili! Umetushinda sisi wote kwa domo."

"Anaongea nini huko pembeni?" akauliza mke mdogo wa Nasuru. "Bei ya dagaa?"

"Muulize mwenyewe. Mdomo yake iko na mlango wa nyuma, kama nyumba ya panya."

Wanawake walicheka, na walicheka huku wakijua kwamba wanachekea uongo. Katika nyumba ya Mzee Lukudu, mke wa mwana hapazi sauti mahali alipo baba mkwe wake, wala halitaji jina lake. Akiwa na neno la kusema, humnong'oneza ndugu wa mumewe, naye hulitoa kwa sauti. Desturi hiyo huiita kukopesha kinywa. Basi, Mzee Lukudu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Baraza. Wanawake wa Lurujo walipomchagua Santa, Nasuru, aliyekuwa diwani tayari, aliketi kando yake na kumkopesha kinywa. Katika hoja zile kumi na moja, tisa zilikuwa za Santa. Mbili zilizobaki, ambazo Nasuru alizitunga kwa akili yake mwenyewe, zilihusu soda za madiwani, na zote mbili zilikataliwa.

Nestor Candia, mhadhiri aliyefundisha vijana wa chuo habari za mabunge na mabaraza ya kutunga sheria, alikuja barazani kila mwezi akaketi nyuma karibu na dirisha, akipiga vijistari katika safu zake. Hakuuliza mtu. Wala hapakuwa na mtu wa Lurujo aliyeona haja ya kumweleza. Nani humweleza mgeni kwamba jua huchomoza asubuhi?

"Na hii nyingine," Nasuru akasema, akichomoa barua mfukoni. "Imetoka wilayani. Alhamisi iko Arua. Kamati itatazama sheria yetu ya kisima kama wataipitisha au hapana. Wanamwita mwenyekiti na mtoa hoja. Mtoa hoja ni mimi." Akaikunja barua. "Nitaiondoa."

Fimbo ya Santa ikasimama hewani. Mzee Lukudu alikuwa Koboko kwenye mkutano wa parokia, kwa hiyo Santa aliweza kusema kwa sauti yake mwenyewe.

"Utaiondoa sheria ya kisima?"

"Wenye ng'ombe wanalalamika. Bwana Raphaël analeta wanyama wake kutoka Zaire, akipita hapa awanyweshe wapi? Kwa chupa?"

"Kwa birika. Tumechimba birika upande wa chini. Wewe mwenyewe ulisimama ukasema hivyo."

"Birika iko mbali."

"Mbali kuliko makaburi?"

Kicheko kikakatika. Mwaka uliotangulia, mvua za kwanza zilipoanza, ng'ombe wa wafanyabiashara waliingizwa katika kisima cha kutekea, na kuhara damu kukawachukua watoto wanne wa mtaa ule. Wa tatu alikuwa binti ya Santa, mwenye miezi kumi na minne.

"Mungu alimchukua," Nasuru akasema, kwa sauti ya chini kidogo. "Usimtafutie Mungu kosa kwa ng'ombe."

"Ile maneno ilikuwa yangu, Nasuru."

"Basi yaseme mbele ya Mzee." Akatabasamu. "Nani alikusikia? Mwalimu wa chuo kikuu amekaa miezi saba na masikio mbili, hakukusikia."

Mogga, mume wa Santa, alikuwa ameinamia baiskeli yake kando ya ghala, akiziba tundu la tairi. "Nasuru, wacha," akasema bila kuinua kichwa.

"Niwache nini, kaka? Wewe ndiyo ulisimama? Mimi ndiyo nilisimama."

Mogga akarudi kwenye tundu lake.

*

Jumanne asubuhi Santa alipanda juu ya lori la muhogo mpaka Arua, akauliza njia ya Onduparaka, mtaa wa kwao mhadhiri. Alipofika karibu na uwanja wa mpira, mzee mmoja aliyekuwa akitazama mazoezi alimwonyesha nyumba ya mama yake mhadhiri bila kuyaondoa macho yake kwenye mpira.

Nestor Candia alikuwa kibarazani na wanafunzi wake sita, wamekaa mbele ya karatasi zilizopigwa mistari. Alikuwa akiwafundisha kuhesabu. Hali ya mambo katika baraza la kutunga sheria, alisema, haipimwi kwa hisia. Hupimwa kwa vitendo vinavyoonekana. Diwani husimama, hutambuliwa na mwenyekiti, husema. Kisichopita njia hiyo hakipo. Mhadhiri alikuwa mtu wa miaka thelathini na mitano, safi, mwenye miwani, na mwenye kuyapenda maneno yake.

"Karibu, mama. Umeleta ujumbe wa nani?"

"Nimekuja kwa sababu ya sufuri," Santa akasema.

Mhadhiri alipomtambua alivuta kiti, akamweleza kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto. Utafiti hauna chuki na mtu. Hata katika mabunge makubwa ya ulimwengu huhesabiwa hivyo hivyo.

"Mutu akichukua mbuzi yangu mbele ya macho yako," Santa akauliza, "utaandika mbuzi ni ya nani?"

"Ya aliyeshika kamba."

Wanafunzi wakacheka. Santa hakucheka, akaendelea kumtazama mpaka mhadhiri akavua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Mlangoni alitokea mwanamke mzee mwenye ungo wa maharage. Alikuwa Ocokoru, mama yake Nestor. Alimtazama mgeni tangu miguuni, penye vumbi la Koboko, mpaka kitambaa cha kichwani.

"Mwanangu, mwenyekiti wenu wa Baraza ni nani yako?"

"Baba wa mume wangu."

Ocokoru akauweka ungo chini. "Nestor. Ulitaka huyu aseme na mdomo gani?"

"Mama, hii ni kazi ya chuo."

"Nimekuuliza mdomo gani. Mimi nilipoolewa kwa baba yako, babu yako hakuijua sauti yangu mpaka siku alipougua, nikamwambia 'kunywa uji.' Alishtuka kuliko ugonjwa. Wewe umesoma mpaka umesahau kusikia."

Mwanafunzi mmoja aliinamia karatasi yake ili kuuficha uso. Nestor Candia aliona haya, nayo haya kwa mtu wa namna yake hugeuka ukali upesi.

"Ripoti imekwisha kupigwa chapa nakala mia mbili," akasema. "Siwezi kuifuta kwa ajili ya masimulizi ya nyumbani. Jambo ninaloweza ni kukufundisha kanuni, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu." Akainua kidole kama aliye darasani. "Mwenye hoja ana haki ya kuiondoa. Lakini kabla mwenyekiti hajaifunga, diwani mwingine wa baraza lile lile anaweza kusimama na kusema, 'Naichukua.' Hapo hoja haifi. Inakuwa yake."

"Anaweza kuandika kwenye karatasi?"

"Hapana. Kwa kinywa chake."

"Anaweza kumtuma mutu?"

"Hapana. Kwa sauti, mbele ya wote waliopo."

"Hata kama mwenyekiti wa Lurujo yupo?"

"Hasa yeye, kwa kuwa ndiye shahidi."

 Kutoka uwanjani ilisikika filimbi na matusi ya vijana.

"Na kwenu," Ocokoru akauliza taratibu, "ukipaza sauti mbele yake, wanakufanya nini?"

"Siku hiyo hiyo narudi kwetu. Watoto wanabaki. Mpaka kondoo achinjwe ndipo narudi. Na kondoo hakuna anayelazimishwa kumtoa. Kuna mke mmoja wa ukoo amekaa kwao miaka minne, bado anangoja kondoo."

Nestor Candia aliinyakua kalamu ili ayaandike hayo. Mama yake alimtazama, naye akairudisha mezani.

*

Siku iliyofuata Santa alijaribu njia ya amani. Alimtuma wifi yake, Paska, mjane aliyerudi kuishi kwa baba yake. Mzee Lukudu alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, wima, na kitabu cha sala mapajani. Santa alisimama nyuma ya ukuta wa jiko, mahali ambapo aliweza kusikia pasipo kuonekana.

"Baba," Paska akasema, "mke wa Mogga anauliza kama kumbukumbu za Baraza zinaweza kusahihishwa kabla ya kesho."

"Mwambie kumbukumbu huandika jina la aliyesimama. Nimekwisha kutia sahihi yangu. Sina sahihi mbili."

"Anasema maneno yalikuwa yake."

"Mwambie najua."

Paska akageuka kuelekea jikoni, asijue kama hilo lilihitaji kupelekwa, kwa maana hatua zilikuwa tano tu.

"Mwambie tena," mzee akaendelea, "kwamba mimi pia nilimzika yule mtoto. Lakini sikumchagulia Nasuru awe kinywa chake. Alikuwa na shemeji watatu, akamchagua yule mwenye sauti kubwa. Na amwambie mumewe aache kujificha nyuma ya baiskeli."

Mzee Lukudu alikuwa mtu wa namna hiyo. Mapadri walimfundisha kusoma, jeshi likamfundisha kusimama, na baba yake akamfundisha desturi. Katika hayo matatu hakuacha hata moja limle jingine. Watu walimheshimu, na hapakuwa na mtu aliyetamani kukaa karibu naye.

Mogga alimkuta mkewe akikunja kitenge safi.

"Ukisema kesho, mimi siwezi kukutetea," akasema.

"Ulinitetea lini?"

"Na Jada? Ana miaka sita. Nani atamwogesha?"

Swali hilo lilimchoma Santa kuliko yote aliyoambiwa wiki ile. Alikifungua kitenge, akakikunja upya.

"Utamwogesha wewe," akasema. "Kwa maji safi."

*

Ukumbi wa wilaya ulikuwa na viti vya chuma na harufu ya popo. Kamati ya sheria ndogo iliketi jukwaani, watu kumi na watatu, chini ya mwenyekiti mmoja mnene kutoka Terego. Mstari wa mbele alikaa Mzee Lukudu, kofia kichwani. Nasuru alivaa koti la kuazima lililomkaba kwapani. Nyuma kabisa wanafunzi sita wa Nestor Candia walitandaza karatasi zao magotini, na mwalimu wao akapita kati yao akihakikisha kwamba safu zimepigwa sawasawa. Santa alikaa nyuma ya nguzo.

Sheria ilisomwa: ni marufuku kuingiza mnyama katika kisima cha kutekea, wanyama wote wanyweshwe katika birika, atakayevunja atatoa mbuzi mmoja. Mtoa hoja akaitwa.

Nasuru akasimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi kama diwani mwenye bidii kuliko wote Koboko, kama ilivyoandikwa na chuo kikuu, nimefikiri tena. Sheria hii inafukuza biashara. Maneno ilikuwa yangu, leo nayarudisha mfukoni. Naiondoa."

"Ni haki yako," mwenyekiti akasema, akiinua nyundo yake ya mti. "Basi, kama hakuna..."

Santa akasimama. Alifungua kinywa na sauti haikutoka. Miaka tisa alikuwa ameizoeza isitoke mbele ya mgongo ule uliokuwa mstari wa mbele, na sasa ilimtii kwa mazoea.

Mwenyekiti alimwona. "Mama, choo kiko nje, mkono wa kushoto."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata wanafunzi wawili walicheka. Labda kicheko hicho ndicho kilichouvunja mlango.

"Naichukua," Santa akasema.

"Unachukua nini?"

"Hoja. Mimi ni Santa, mke wa Mogga, katibu wa akina mama, Lurujo. Hoja ya kisima naichukua mimi. Ilikuwa yangu kabla haijakuwa ya huyu."

Katika mstari wa mbele, Mzee Lukudu hakugeuka. Aliinua mkono, akaivuta kofia yake chini mpaka ikamfunika macho.

Santa aliliona tendo hilo, akaielewa maana yake, kwamba si mtu wa nyumba ile tena, akaendelea, kwa kuwa kilichokwisha kuvunjika hakivunjiki zaidi. Alisema kwamba alichota maji katika kisima kile kwa kata akaona mavi ya ng'ombe yakielea. Alisema kwamba aliyachuja maji kwa kitenge, akayachemsha kwa kuni alizokuwa nazo, na kuni zikaisha kabla mvua hazijaisha. Aliwataja watoto wanne kwa majina yao na ya mama zao. Alipofika kwa wa tatu hakulegeza sauti. "Birika iko hatua mia mbili kutoka kisimani," akasema. "Nimepima kwa miguu yangu. Ng'ombe ana miguu minne."

"Mheshimiwa!" Nasuru akapiga kelele. "Huyu mwanamke amevunja nyumba! Baba yetu yuko hapa! Muulizeni kama kuna siku moja aliwahi kusema barazani. Chuo kikuu kimeandika sufuri!"

Mwenyekiti alimtazama Nestor Candia, naye Nestor akatazama karatasi zake. Kisha mwenyekiti akamgeukia mzee. "Mzee Lukudu, wewe ni mwenyekiti wao. Sheria hii ilitoka kwa nani?"

Lukudu akasimama, kofia ingali machoni, mgongo wake ukiwa kwa mke wa mwanawe.

"Maneno ni ya mke wa Mogga. Hoja tisa kati ya kumi na moja ni zake. Zote nilizisikia zikinong'onwa. Masikio yangu si mabovu. Niliandika jina la aliyesimama kwa sababu ndivyo kanuni inavyotaka."

Nasuru akaketi. Koti lilitoa sauti ya kuchanika.

"Lakini leo amepaza sauti mbele yangu," mzee akaendelea, pasipo kubadili sauti. "Hiyo nayo ni kanuni. Hatalala kwangu leo." Akaielekeza kofia upande wa Nasuru. "Na kondoo atatolewa na Nasuru. Aliyekikopesha kinywa kisha akakiuza, ndiye aliyemtoa mwanamke huyu nje. Kondoo huyo atamleta kwa mkono wake mwenyewe. Na kama ilivyo desturi, mleta kondoo hasemi na mwanamke mpaka damu imwagike. Akiwa na neno, atafute mgeni wa kumsemea."

"Baba, mimi sina kondoo!"

"Una ng'ombe. Kauze."

Kamati ilipiga kura: wanane walikubali, watano wakakataa. Sheria ya kisima ikapita. Nyuma ya ukumbi kila mwanafunzi alipiga kijistari kimoja katika safu ya hoja, kando ya jina la Santa. Mzee Lukudu akatoka wa kwanza, na watu wakampisha. Santa hakurudi Lurujo. Alishukia Koboko, kwa kaka yake, mkononi akiwa na kitenge kimoja.

*

Wiki tatu alilala katika ghala la kaka yake, kati ya magunia. Mke wa kaka yake hakumtukana, alikuwa akiuliza tu kila asubuhi, kwa sauti ya kusikika na majirani, "Kondoo bado?" Sokoni wanawake waliokuwa wakimsalimu kwa jina la mwanawe sasa walimwita "mheshimiwa," kisha wakatazamana. Mogga alikuja mara moja na baiskeli, akasimama nje ya ua kama mdaiwa, akasema Jada ana kikohozi kidogo, akaondoka.

Paska pekee ndiye aliyekuja na kitu. Alibeba kichwani dumu la maji mwendo wote kutoka Lurujo, akalitua mbele yake.

"Onja," akasema.

Santa akaonja.

"Bwana Raphaël ametoa mbuzi wa kwanza," Paska akasema. "Alilia kama amefiwa. Sasa ng'ombe wake wanaijua birika kuliko yeye."

"Na Nasuru?"

"Anasema anatafuta kondoo. Baba amemwambia asile naye mpaka ampate. Tangu lini watu wanatafuta kondoo Koboko kama dhahabu?"

Ijumaa ya wiki ya nne alifika Nestor Candia, na gari la chuo likaachwa barabarani. Aliketi juu ya gogo, akanywa kikombe cha maji ya dumu lile bila kuuliza yametoka wapi, akatoa karatasi mpya.

"Nimefanya marekebisho," akasema, na uso wake ulionyesha kwamba alitarajia shukrani. "Tazama. Santa: hoja, moja."

"Na zile tisa?"

"Mama, nimefikiri sana juu ya zile tisa. Lakini mwenyekiti mwenyewe alikiri kwamba kumbukumbu zina jina la Nasuru. Waliokuwapo waliisikia sauti ya Nasuru. Nikianza kuandika maneno kwa mtu ambaye sauti yake haikusikika, nitaishia wapi? Elimu haiwezi kuhesabu minong'ono."

"Ulihesabu. Arobaini na mbili."

Mhadhiri alikuwa ameinamia karatasi akiitafuta safu hiyo wakati Nasuru alipoingia uani akivuta kondoo kwa kamba. Jasho lilimtiririka na macho yake yalikuwa na chuki ya kutosha ukoo mzima. Mke wa kaka yake Santa alitoka jikoni. Majirani wawili wakasogea kwenye ua. Nasuru alisimama hatua kumi kutoka kwa Santa, akatazama kushoto na kulia. Watu wote aliowaona walikuwa wa upande wa mwanamke. Mgeni alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amekaa juu ya gogo.

Nasuru alimwendea mhadhiri, akamwinamia sikioni, akanong'ona.

Nestor Candia alishtuka, kisha akasimama, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu. "Anasema... upokee kondoo. Anasema ni mzima na ana meno yote."

"Nani anasema?" Santa akauliza.

"Huyu. Nasuru."

"Mimi nimesikia sauti yako."

"Ndiyo, lakini..."

Nasuru akanong'ona tena, kwa muda mrefu zaidi. Mhadhiri akatikisa kichwa.

"Anasema nini?"

"Nisingependa kulisema hilo, mama."

"Sema. Kinywa cha kukopa hakichagui."

"Anasema usidhani umeshinda. Anasema atakuona barazani." Nestor akamnyooshea Nasuru kidole. "Maneno ni yake, mama. Si yangu. Mimi nimesimama tu kwa..."

Hapo akakoma. Majirani hawakucheka. Santa aliinuka, akaipokea kamba ya kondoo kutoka mkononi mwa shemeji yake, akaifunga kwenye nguzo ya ghala kwa mafundo mawili. Kisha akaiokota karatasi iliyoanguka kando ya gogo, akaipangusa vumbi, akampa mwenyewe pamoja na kalamu yake.

"Andika, mwalimu," akasema. "Tumekusikia wewe tu. Hayo uliyoyasema sasa hivi utayaandikia jina la nani?"

Nestor Candia aliiweka karatasi gotini na kalamu ikakaa juu ya safu bila kugusa. Nasuru, kwa kujisahau, alifumbua kinywa ili ajibu mwenyewe. Akamwona kondoo angali hajachinjwa, akakifumba.